Mwanamuziki akitoa albamu yake binafsi, anaibomoa bendi?

Mleta mada:
Wakuu, kila tukigusa roki ya progresivu ya Uingereza, ile ya miaka ya 1970 yenye nyimbo za dakika ishirini, lazima atokee mtu aseme bendi zile ziliuawa na albamu binafsi. Eti kila mmoja alitaka jina lake juu ya jalada, umoja ukafa. Nakataa.

Chukueni bendi ya Genesis. Mwimbaji wake Peter Gabriel aliondoka 1975, watu wakaanza matanga mapema. Sasa njooni 1980, albamu yake ya tatu. Sharti lake studio: hakuna matoazi. Na anayepiga dramu kwenye wimbo wa kwanza, "Intruder", ni Phil Collins, yule yule aliyebaki Genesis na kurithi uimbaji wake! Fundi mitambo Hugh Padgham akatumia maikrofoni iliyowekwa kwa ajili ya kuongea na wapigaji tu, akaibana sauti yake, kisha akaikata ghafla. Vaeni hedifoni msikilize: kila pigo linavimba kama limepigwa kwenye ukumbi mtupu, halafu linakatika kabla mwangwi haujatua. Mwaka 1981 Collins akaibeba sauti hiyo hadi "In the Air Tonight" kwenye albamu yake binafsi ya kwanza, na mwaka huo huo Padgham akakaa kwenye mitambo ya *Abacab* ya Genesis. Aliyebaki alichota kwa aliyehama, na bendi ikanywa. Ubomoaji uko wapi hapo?

Mchangiaji:
Mkuu, umechagua mfano unaokubeba. Emerson, Lake & Palmer (ELP) je? *Works* ya 1977 ni sahani mbili, pande nne: kila mmoja kapewa upande wake, wa nne ndio wakakutana. Wakaenda ziara na okestra, gharama zikawashinda, okestra ikaachwa njiani. Baada ya hapo wakatoa *Love Beach*, 1978, wakaachana. Bendi ya Yes nayo, wote watano wakajifungia kila mtu na albamu yake; mashabiki wakasubiri kutoka *Relayer* ya 1974 hadi 1977. Bendi ni kama chungu, kila mpishi akiondoka na figa lake hakuna kitakachochemka.

Mleta mada:
Ndugu yangu, kwa ELP umenishika, sitabisha. Ila tazama kilichowaangusha: walijitenga wakiwa ndani ya jalada moja. Kwa Yes sikubaliani nawe. Kwenye albamu ya Chris Squire ya 1975 dramu kapiga Bill Bruford, aliyekuwa ameshahama Yes, na Patrick Moraz wa bendi hiyo hiyo yumo kwenye vinanda. Steve Hackett mwaka huo alitoa ya kwake akiwa bado Genesis, Collins na Mike Rutherford wakamsaidia. Alipokuja kuona nyimbo zake hazipati nafasi ya kutosha ndani ya bendi, ndipo akaondoka, 1977. Mlango ukifungwa ndipo mtu anahama.

Na kuna hili ambalo linanigusa kuliko yote. Mwaka 1982 Gabriel na wenzake walianzisha WOMAD, tamasha la muziki wa mataifa mbalimbali, wapiga ngoma wa Burundi wakiwemo jukwaani. Watu walisikia ngoma, lakini hesabu ilikuja na deni kubwa. Waliomwokoa ni Genesis. Oktoba 2, Milton Keynes, mvua inanyesha, wakapiga naye onyesho moja ili deni lilipwe, na Hackett akapanda mwishoni. Miaka saba ilikuwa imepita tangu awaache.

WOMAD ikabaki hai. Mwaka 1989 lebo ya Gabriel, Real World, ikatoa *Songs for the Poor Man* ya Remmy Ongala na Super Matimila yake kutoka Dar es Salaam. Sisi tuliokua na sauti ya Remmy redioni tuna deni kwa bendi ya Waingereza iliyolowa mvua usiku ule kwa ajili ya mtu aliyewahama.

Mwenye mfano wa bendi iliyovunjwa na albamu binafsi pekee, bila ugomvi wa pesa wala wa nafasi ya nyimbo, aulete hapa. Nitausikiliza wote.