Kaka zangu wasema nikidai urithi nimeritadi

BintiMalindi: Assalaam alaykum. Baba ametangulia mbele ya haki, ameacha nyumba na shamba la minazi. Warithi ni mama, kaka zangu wawili na mimi. Kaka wanasema shamba ni la wanaume, mimi nina mume wa kunitunza. Nikataja Katiba ya Kenya, kifungu cha 27 cha usawa, wakanambia nimeritadi. Nasali, nafunga, Qurani siikani. Wana haki ya kunitoa kwenye dini yangu?

MzeeWaKisauni: Pole kwa msiba, mwanangu. Hawana. Kifungu cha 24(4) kinapunguza usawa ili sheria ya Kiislamu itumike kwa kadhi kwenye mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi. Mila ya "shamba la wanaume" haimo. An-Nisaa aya ya 7 inawapa wanaume fungu na wanawake fungu, mali iwe chache au nyingi. Baada ya madeni na wasia, gawanyeni mafungu 40: mama 5, kila kaka 14, wewe 7. Anayekunyima hayo 7 ndiye anayeiasi aya.

UmmuZ: Saba mbele ya 14, sheikh! Dadangu, usiende kwa kadhi. Kifungu cha 170(5) kinataka wahusika wote wawe Waislamu na wayakubali mamlaka yake. Nenda Mahakama Kuu.

MzeeWaKisauni: Kukubali ni kweli, halazimishwi mtu. Lakini Sheria ya Urithi, kifungu cha 2(3), inasema mali ya Mwislamu hugawanywa kwa sheria ya Kiislamu. Mahakama Kuu nayo hufuata hiyo hiyo. Akibadilisha korti, mafungu ni yale yale.

BintiMalindi: UmmuZ, nimekusikia, wala sitamwita murtadi anayetaka sawasawa. Mimi saba nayakubali kwa imani yangu. Nisichokubali ni kaka kuamua imani yangu inasema nini, tena kwa faida yao. Na paa la ile nyumba nililipia mimi, baba akasema ni deni.

MzeeWaKisauni: Una risiti au shahidi? Deni hulipwa kabla ya mafungu. Ushahidi wako mwanamke unasikizwa: Sheria ya Mahakama za Kadhi inakataza kubagua shahidi kwa jinsia.

BintiMalindi: Risiti ninazo. Ila barua ya chifu ya kuwataja warithi imetaja kaka peke yao.

UmmuZ: Basi anzia hapo. Rudi kwa chifu na cheti chako cha kuzaliwa, na mama afuatane nawe.