Losheni tatu za jua mezani kwangu: ipi itaufaa uso unaowasha?

AfisaUgani_Moshi

Habari zenu wadau. Mimi ni afisa ugani, eneo langu ni huku chini Moshi Vijijini, mashamba ya mpunga ya Mabogini na Chekereni. Kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa tisa niko juu ya pikipiki au nimesimama kwenye tuta, na maji ya majaruba yanarudisha jua usoni kama kioo. Ngozi yangu ni ya kuchagua. Nina pumu ya ngozi tangu utotoni, sabuni ya harufu tu inanitoa vipele, na mwaka huu mashavu yameanza kushika madoa meusi.

Mwezi uliopita nilinunua losheni ya jua dukani mjini. Mbele imeandikwa SPF 50, kile kipimo cha kinga ya jua, kwa herufi kubwa, pembeni kuna maneno ya kung'arisha ngozi. Siku ya pili yake, nikiwa njiani kwenda Chekereni, jasho lilishuka nayo hadi machoni. Nilisimamisha pikipiki kando ya mfereji, nikanawa kwa maji yale yale yanayoingia mpunga, nikakaa kama nusu saa macho hayafunguki. Jioni kope zimevimba, shingoni vipele vidogo vidogo kama punje za ulezi.

Ndipo nikageuza chupa. Hapo ndipo paliponiuma, maana kila wiki nawaambia wakulima: usinunue kiuatilifu kwa jina la mbele, geuza chupa usome kiambato amilifu, kile kinachofanya kazi, dawa mbili zenye majina tofauti zinaweza kuwa kitu kimoja. Usoni mwangu mwenyewe sikufanya hivyo.

Sasa ninazo tatu mezani. Mbili kanipa kaka yangu anayeongoza watalii mlimani, wageni wakishuka humwachia vitu, na hizi zilikuwa hazijafunguliwa.

Ile ya dukani: maji, kisha alikoholi, kisha benzofenoni-3, majina mengine marefu, na mwishoni Parfum (manukato), limoneni, linalooli. Asilimia za viambato hazikuandikwa.

Ya pili ni ya Marekani, na wenzetu hawa wameandika viambato amilifu na asilimia zake, kama lebo ya kiuatilifu kabisa: avobenzoni 3, homosaleti 10, oktisaleti 5, oktokrileni 8. Haina harufu.

Ya tatu ina kiambato amilifu kimoja tu, oksidi ya zinki asilimia 20. Hii haikuniwasha hata kidogo, lakini nilipoipaka nilitoka na rangi ya majivu, na siwezi kwenda kusimama mbele ya wakulima hivyo.

Naomba anayezielewa anisaidie. Na pia: mama mkwe ananisisitiza nipake ndimu kwenye madoa, na jirani anasema kalamini ya duka la dawa inatosha. Kweli?

Kijana_Sakina

Dada, hizo losheni ni za wazungu. Sisi melanini, rangi ya asili ya ngozi, inatutosha, vaa kofia tu.

Mfamasia_Njiro

Dada pole sana kwa macho. Mimi niko duka la dawa huku Njiro, Arusha, swali kama lako nalipata karibu kila wiki, ila wengi huja na picha ya mbele ya chupa. Wewe umenirahisishia kazi.

Ile ya dukani iondoe mezani. Benzofenoni-3 ndiyo hiyo hiyo oksibenzoni, majina mawili kitu kimoja, kama unavyowaambia wakulima wako. Chama cha Marekani cha wataalamu wa mzio wa ngozi kiliichagua familia ya benzofenoni kuwa kisababishi cha mzio cha mwaka 2014. Alikoholi ikikaa nafasi ya pili ujue ni nyingi, kwa sababu viambato hupangwa kuanzia kilicho kingi, na kwenye pumu ya ngozi inachoma na kukausha. Limoneni na linalooli ni manukato, na yakishakaa na hewa yanageuka kuwa makali zaidi kwa ngozi kuliko yalipotoka kiwandani. Kwa hiyo chupa iliyofunguliwa zamani inaweza kukuwasha hata kama mwanzoni haikukuwasha. Halafu hayo maneno ya kung'arisha mimi huniogopesha. Zebaki na hidrokwinoni, zinazotumika kung'arisha, ni marufuku kwenye vipodozi hapa nchini, na bado mikorogo tunaiona mitaani.

Ya Marekani si losheni mbaya, ila kwako nina shaka nayo. Pale anayezuia miale ya UVA, ile mirefu ya jua, ni avobenzoni, na avobenzoni peke yake huvunjika juani, ndiyo maana wameiwekea oktokrileni ya kuishikilia. Hizo zote ni filta, yaani vizuia miale, za kemikali zilizoyeyushwa kwenye mafuta. Ukitokwa jasho zinatembea nalo, na machoni zinachoma hata kwa mtu asiye na mzio. Nikuulize: umewahi kupaka jeli ya ketoprofeni kwa maumivu ya misuli ikakutoa vipele? Waliopata mzio wa jeli hiyo wakaingia juani, mara nyingi ngozi yao huikataa na oktokrileni.

Zinki ndiyo yako. Yenyewe haiyeyuki, ni chembe zinazobaki juu ya ngozi na kumeza miale, UVB (ile mifupi inayounguza) na UVA pia, na kiasi kidogo zinairudisha. Ndiyo hiyo tunayompaka mtoto akiungua na nepi. Mwenzake ni titani dioksidi, mpole vilevile, ila kwa miale mirefu ya UVA zinki inamshinda. Na hao wawili tu ndio mamlaka ya dawa ya Marekani, mwaka 2019, ilipendekeza wahesabiwe kuwa salama na wenye kufanya kazi. Kwa filta nyingi za kemikali ilitaka takwimu zaidi. Haikusema ni sumu, watu hapa mtandaoni hulikuza hilo.

Sasa weupe wake. Usitafute zinki kidogo, tafuta zinki yenye rangi. Kwa madoa yako ndiyo muhimu zaidi, kwa sababu kwenye ngozi nyeusi hata mwanga wa kawaida tunaouona kwa macho unakoleza madoa, na zinki isiyo na rangi haiuzuii vya kutosha. Unaouzuia ni oksidi ya chuma. Geuza chupa utafute namba hizi: CI 77491 ni nyekundu, CI 77492 njano, CI 77499 nyeusi. Zikiwepo zote tatu, kuna matumaini ya kupata rangi inayokaribiana na yako.

Kalamini jirani yako amekaribia, maana ni zinki na oksidi ya chuma kidogo, ule upinki ndio chuma chenyewe. Lakini ni dawa ya muwasho. Haijapimwa kuzuia jua na hakuna anayejua inakupa kinga ya kiasi gani.

Ndimu hapana, dada. Hapana kabisa. Maji ya ndimu yakikutana na jua yanaunguza ngozi, yanaweza kuiotesha malengelenge, na yanaacha weusi wa wiki nyingi. Mwambie mama kwa heshima, lakini usipake.

Kijana wa Sakina, melanini inasaidia kweli kwa kuungua, na kofia ni ushauri mzuri. Ila madoa ya dada yametokea akiwa na melanini hiyo hiyo. Arusha tuko kama mita 1,400 juu ya bahari, nyuzi tatu tu kutoka ikweta, na kila ukipanda mita 1,000 miale inaongezeka kama asilimia 10.

Nimesahau kipimo. SPF hupimwa kwa miligramu 2 kwenye kila sentimita moja ya mraba. Usoni na shingoni hiyo ni mistari miwili iliyojaa, mmoja juu ya kidole cha shahada na mwingine cha kati. SPF 30 iliyopakwa hivyo inazuia asilimia 97 ya UVB, SPF 50 inazuia 98. Anayepaka 50 kidogo kama poda anashindwa na anayepaka 30 ikajaa.

MamaWawili_Majengo

Mwanangu wa pili ana ualbino, kwa hiyo losheni ya jua kwetu ni kama chumvi, haikosekani. Anatumia Kilisun, inatengenezwa hapa hapa Moshi, ilianzia hospitali ya KCMC, kwa ajili ya watu wenye ualbino, na kliniki wanatupa bure. Naomba tu wasomaji wengine msiende kuiomba, ni ya watoto hawa.

Ila njia ya kupaka nakupa, dada. Walitufundisha tusiisugue. Weka nukta: paji la uso, mashavu, pua, kidevu, masikio, nyuma ya shingo. Kisha gandamiza kwa kiganja mpaka itulie. Ukisugua zinki inajikusanya kwenye nyusi na kwenye mstari wa nywele, sehemu nyingine zinabaki tupu. Masikio usiyasahau, kwa watoto wetu ndiko vidonda huanzia. Na usiache mwezi wa Juni na Julai kwa sababu ya mawingu. Mwanangu aliungua siku ambayo mlima haukuonekana kutwa nzima.

Na kama vipele vya shingo havijaisha nenda kliniki ya ngozi pale KCMC. Wana kituo cha kufundishia madaktari wa ngozi tangu 1992, watakuangalia vizuri.

AfisaUgani_Moshi

Narudisha mrejesho, na asanteni sana. Ketoprofeni sijawahi kutumia. Ya Marekani nimempa kaka.

Nimepata ya zinki yenye rangi kwenye duka la dawa mjini, shilingi 48,000, imeniuma lakini nimelipa. Nilisimama pale kaunta nikasoma nyuma mpaka muuzaji akaniuliza kama nakagua. Zinki, titani, na zile CI tatu zote zipo. Parfum haipo. Nilijaribu kwanza nyuma ya sikio na kwenye mkunjo wa kiwiko, asubuhi na jioni siku tano, kimya. Ndipo nikapaka usoni.

Nilipoiminya mkononi mara ya kwanza nilishangaa. Ni rangi ya udongo wa Kibosho baada ya mvua. Miaka yote nawaeleza wakulima kwamba wekundu wa udongo ule ni oksidi ya chuma, na sikuwahi kuwaza kwamba chuma hicho kinaweza kuukinga uso wangu.

Leo ni wiki ya tatu. Nimetoka Mabogini saa tisa, jasho limetiririka, macho hayakuchoma. Madoa bado yapo, sioni yakiongezeka. Shida imebaki kola: mashati yangu meupe ya kazi yote yana mstari wa kahawia, na sabuni ya mche haijautoa. Mwenye kujua anisaidie.

MamaWawili_Majengo

Paka sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwenye kola ikiwa kavu, kabla haijagusa maji. Iache robo saa ndipo ufue. Jiki usitie, alama ya chuma ikikutana na jiki inazidi kushika.