Naomba ushauri: majani yanalegea na udongo bado una unyevu

Habari zenu ndugu wanachama. Naombeni msaada kuhusu kumwagilia mimea ya ndani.

Nina mimea miwili karibu na dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja. Mshubiri hauna shida, naumwagilia udongo ukikauka kabisa na umenawiri. Kinachonisumbua ni ule wa kutambaa, wenye majani ya umbo la moyo. Majani ya chini yanageuka manjano, mengine yanalegea, ilhali nikiingiza kidole kama sentimita 3 udongo bado una unyevu. Chungu kina matundu na maji ya kwenye kisahani nayamwaga kila mara. Nimepunguza kumwagilia, nikausogeza penye mwanga zaidi, lakini sijaona nafuu. Naupenda sana mmea huu, sitaki ufe.

Najua mizizi ikikosa hewa huoza na mmea hunyauka kana kwamba una kiu, ndiyo maana nashindwa kuamua.

Je, niutoe sasa nikague mizizi na kubadilisha udongo, au nisubiri ukauke kwanza? Na kwa mmea wa aina hii, udongo ukauke hadi kina gani ndipo nimwagilie tena?

Natanguliza shukrani.