Kufundisha uchungaji wa hospitalini kwa mtandao

Swali: Wapendwa, Machi 2020, kwa sababu ya UVIKO-19, hospitali nyingi za Marekani ziliwazuia wanafunzi wa uchungaji, yaani huduma ya kiroho kwa wagonjwa, kuingia wodini, ilhali mafunzo haya, tangu mchungaji Anton Boisen alipoyaanzisha katika hospitali ya Worcester, Massachusetts, mwaka 1925, yamefanyika kando ya kitanda cha mgonjwa. Wanapozuiwa hivyo, tuwafundisheje kwa mtandao?

Jibu: Ndugu, kwenye simu mgonjwa hudhani ukimya ni laini iliyokatika, kwa hiyo wanafunzi wetu huzoezwa kusema taratibu, "Bado nipo nawe, sina haraka."

Jibu: Naunga mkono. Taarifa ya mazungumzo ya mwanafunzi na mgonjwa, iliyoandikwa neno kwa neno, bado inaweza kujadiliwa kikundini kupitia Zoom. Ninachohofia zaidi ni mwanafunzi anayezima kompyuta baada ya mgonjwa kufariki, akabaki peke yake chumbani. Msimamizi ampigie siku hiyohiyo.