Utitiri wa Torrenticola: madoa ya mgongoni yanatosha kuutangaza spishi mpya?

Kijito: Wakuu, nina utitiri wa maji wa jenasi Torrenticola kutoka changarawe za mkondo mkali: madume 4, majike 6, wote kwenye ethanoli ya 96%. Madoa ya bamba la mgongoni hayafanani na ya spishi jirani. Yanatosha?

Darubini: Hayatoshi, ndugu. Rangi hutofautiana hata ndani ya kijito kimoja. Yapige picha kabla hujawasafisha, kisha pima kwa mikromita: urefu na upana wa bamba, vibamba 4 vya mbele, pingili zote 5 za palpi (viungo vya kugusia kando ya mdomo), na hasa vijitokezo vya chini kwenye pingili ya 2 na ya 3. Linganisha dume na dume, jike na jike. Wengi huteleza hapa: eneo la uzazi la jike ni pana zaidi, ukichanganya jinsia unazua spishi mbili kutoka moja.

Changarawe: Ethanoli imewakakamaza, miguu itakatika ukipasua. Tumbukiza wachache kwenye proteinezi K (kimeng'enya kinachoyeyusha tishu laini) bila kuwaponda: unapata DNA ya jeni ya COI (inayotumika kutofautisha spishi), na gamba linabaki safi kwa slaidi. Siku nyingine gawa sampuli; nusu iweke kwenye gliserini 5, maji 4, asidi ya asetiki 1, kwa ujazo. Viungo hubaki laini, ila asidi huharibu DNA.

Darubini: Naongeza: holotaipu (kielelezo rasmi kinachobeba jina la spishi) ni mmoja tu, dume mzima ikiwezekana, ahifadhiwe makumbusho. Ukichapisha kwa njia ya kielektroniki pekee, sajili makala ZooBank (rejista rasmi ya majina ya wanyama) kwanza, la sivyo jina halihesabiki.