Mrejesho: Hita ya gesi ndani ya gari la kusafishia madirisha

Ndugu zangu, niliwauliza kama ni salama kutumia hita ya maji ya gesi ndani ya gari langu la kusafishia madirisha hapa Uingereza, ambako majira ya baridi maji ya tangi huitia ganzi mikono ya mtu. Nawashukuru nyote mliojibu.

Nilifuata kwanza ushauri wa kumwachia fundi aliyesajiliwa na Gas Safe, daftari rasmi la mafundi wa gesi hapa Uingereza. Aliikataa katakata ile hita ya kambini niliyoiulizia, kwa kuwa moshi wake ungebaki ndani ya gari, akafunga nyingine yenye bomba la kutolea moshi nje. Mtungi wa propani sasa umesimama wima, umekazwa kwa mikanda, ndani ya kabati lililozibwa vizuri na lenye tundu sakafuni linalotokea chini ya gari, kwani gesi hiyo ni nzito kuliko hewa na ikivuja hutuama chini. King'ora cha kaboni monoksidi, sumu isiyo na harufu wala rangi, nakijaribu kwa kitufe kabla ya kuwasha hita, na valvu ya mtungi naifunga kabla ya kuondoa gari.

Si yote yaliyofanikiwa. Nikipunguza kasi ya pampu, moto hujizima kwa sababu maji hupita kidogo mno, na mpira wa maji ukiwa mrefu, maji hufika kwenye brashi yakiwa vuguvugu tu. Kwa ghorofa za juu bado natumia maji baridi.