Ati wacha virusi vipite tupate kinga sote?

Jana maskani hapa Majengo, Mombasa, tulibishana mpaka kahawa ikapoa kwenye vikombe. Jamaa anasema sisi wapwani miili ishazoea, dengi tushaugua, chikungunya tushaugua, zote mbili homa za virusi vya mbu, korona nayo 2020 wakatufungia Mji wa Kale na tukatoka wazima, sasa hizi chanjo za kila leo za nini, wacha virusi vipite watu wajijengee kinga wenyewe. Nusu ya maskani ikamuunga mkono. Mimi nasema hapana lakini nataka niwasikie.

Nampa haki yake kwanza. Chikungunya ukiipata mara moja kwa kawaida hairudi. Lamu 2004 ilipiga mpaka walipopima damu za watu wakakuta kama 75 kwa kila 100 ishawapitia, hapo mbu hata akikuuma hana wa kumpelekea. Sawa. Lakini ile kinga watu waliinunua kwa bei gani? Jina lenyewe la Kimakonde maana yake kupindika. Mamangu ilimshika hapa mwanzo wa 2018 na mpaka leo Julai kukipoa kidogo vifundo vinamuuma hawezi kukaa kwenye mbuzi akune nazi moja. Na kinga yenyewe haigandi mtaani milele. Kisiwa cha Réunion 2005 na 2006 waliugua watu kama 266,000, thuluthi ya kisiwa, wakapumua, 2025 ikarudi tena kwa nguvu maana wengi haikuwahi kuwagusa na watoto wa miaka 20 washazaliwa.

Dengi ndo inamwangusha kabisa. Ziko aina nne, ukipona moja umekingika na hiyo moja, zile tatu zinakungoja. Na ukishikwa na aina nyengine mara ya pili ndo hatari inazidi, maana kinga ya zamani yaweza kukishika kirusi isikiue, ikakiingiza ndani ya seli kama askari anayemfungulia mwizi geti. Sasa hapo "kuzoea" kuko wapi?

tuktuk_likoni: Yakhe wewe umelipwa? Hiyo chanjo ya dengi iko zahanati gani hapa, si hakuna, sasa unabishana na nini. Na korona walisema maiti zitazagaa Afrika nzima, zilizagaa wapi? Sisi tumekuzwa kwa mwarobaini.

Sijalipwa hata kashata. Korona iliua zaidi wazee na hapa kwetu nusu ya watu wako karibu na miaka 20 au chini yake, kwa hivyo usiusifu mwili wa pwani, usifu umri. Mji wa Kale kuna nyumba zilizika, waulize.

mamapacha_kisauni: Mie nizungumzie surua maana hii naijua. Pacha wangu mmoja ilimshika akiwa na miezi 7. Chanjo ya kwanza ni miezi 9, ya pili miezi 18, sasa huyo kaka wa mwarobaini anambie mtoto wa miezi 7 angejikinga na nini? Kinga yake ilikuwa ni majirani. Na jirani mmoja alikuwa anasema surua ya kawaida hiyo, watoto wote hupitia, mwanawe akawa anacheza mkekani kwangu huku anakohoa. Mgonjwa mmoja wa surua mahali hamna kinga aweza kuambukiza 12 mpaka 18, ndo maana wanataka watoto 95 kwa kila 100 wawe wamechanjwa, si wazimu wao. Samoa 2018 watoto wawili walikufa baada ya wauguzi kukosea kuchanganya dawa ya sindano, watu wakaogopa wakaacha kupeleka watoto, na kuogopa mie siwalaumu wallahi. 2019 surua ikaingia. Nchi ya watu kama laki mbili ikazika 83, wengi watoto wadogo.

kijana_wa_mapipa: Hamjagusa maji hata mmoja. Mbu wa dengi anazaliana kwenye maji safi yaliyotuama, na kwetu mfereji ukitoka siku mbili kwa wiki ni sikukuu, lazima tujaze mapipa. Mnajadili kinga, pipa halina kifuniko.

Kweli, hilo nimelipita. Pipa la mamangu lenyewe limefunikwa kwa gunia, leo natafuta kifuniko.

tuktuk_likoni: Ya surua nimekubali, wa kwangu mdogo hajamaliza nitampeleka. Ya korona bado hamjanishawishi na msijaribu.

mamapacha_kisauni: Nenda asubuhi mapema kaka, foleni yao naijua. Na kitabu cha kliniki usikiache kwenye tuktuk.